Ua la Uani

Kitangiri, nyumba hukaa juu ya vichwa vya nyumba.
Magesa alipopandisha ghorofa chini yangu,
roshani yake ilikuja ikasimama
sawasawa na kamba yangu ya kuanikia.
Tangu hapo gagulo langu lina shahidi.

Si mtu mbaya. Hunywa chai ya rangi, husoma gazeti la jana,
hunipungia mkono nikipita na ndoo ya kuogea.
Lakini seng'enge haina kope,
na mimi nina miaka sitini na miwili,
nataka kujikuna mgongo bila kusalimiwa.

Ukuta? Fundi aligonga sururu mara tatu,
jiwe likamrudishia cheche.
Akaondoka na nusu ya malipo na mpini uliopasuka.
Basi, kitu cha kupanda chenyewe,
kisichodai msingi: kiroba cha udongo
na mahali pa kushika.

Nikashuka kwa Lugembe, muuza miche kando ya lami,
nikamwambia, nipe kinachokimbia.
Naye, mwenye maneno kuliko mbolea, akaanza:

   "Chukua bogenvilia, mama wee hutajutia,
   Miiba humzuia mwizi anayevizia,
   Jua likiipigia, rangi yake huzidia,
   Wajukuu hurithia, nawe umetangulia."

"Nimetangulia wapi, Lugembe?"
Akakohoa, akahamia kwenye pasheni.

Pasheni naijua. Mwaka mzima unaibembeleza,
siku ya kuzaa, watoto wanapata njia mpya ya kwenda shule
nayo inapita kifuani pa seng'enge yako.
Upupu aliutaja mkwe wangu, akicheka,
yeye ambaye haogi kwangu.
Kulikuwa na jani la kigeni, halina jina, lina picha tu:
"Hili, mama, wiki tatu hulioni jua."
Nikalirudisha kwenye kopo lake.
Sifa ya kuota haraka tumeshaionja sisi wa ziwani:
gugumaji nalo lilikuja likiitwa ua,
la zambarau, zuri, la kuwekwa kwenye bakuli,
hata mitumbwi ikakwama Mwaloni kama inzi kwenye uji.
Ua. Neno hili huchanua, huzingira,
na likisemwa kwa hasira, ni amri.

Nilirudi mikono mitupu.
Bafuni, msumarini, lilining'inia dodoki langu kuukuu.
Nikalikung'uta.
Mbegu kumi na moja, nyeusi, bapa.

Vuli ikazipokea.
Wiki ya tatu, vikono: vyembamba kama uzi wa cherehani,
vikipapasa hewa, vikikosea, vikirudi.
Kimoja kilishika kibanio cha nguo
kikakataa kukiachia siku nne.
Kufika Krismasi, Magesa alibaki sauti:
kikohozi, kijiko ndani ya kikombe.
Nilioga nikiimba.

Ila meli ya Nansio nayo ilibaki honi.
Hilo sikulipigia hesabu.
Nyuma ya roshani ya Magesa ndiko liliko ziwa langu,
kipande kama kanga iliyokunjwa,
na humo ndimo Nkwimba hupita shule zikifungwa,
amesimama ubavuni mwa meli, kapu la machungwa miguuni,
kapu nisiloweza kuliona, ila naliona.

Sasa Mei inaishia. Majani yamekuwa karatasi,
madodoki yanagonga seng'enge usiku, kavu, mepesi.
Lugembe amepita: "Ng'oa, mama, tuweke cha kudumu."
Nikamwambia, cha kudumu ninacho, ni jiwe.
Mdodoki unajua kuondoka, wala hauombi nauli.
Juni utabaki wavu; nitaliona ziwa,
Magesa ataniona, tutapungiana,
nitaoga gizani.

Mbegu nimezifunga ndani ya soksi.
Dodoki moja nene nimempelekea mke wa Magesa.
Akalipokea, akalinusa, akaulizia mbegu zake:
tangu wahamie, alisema,
ananiona nikimwangalia akianika.