Mdudu wa Võru

Kazi yangu, huku Tartu, ni kukaa njiani.
Hunilipa nisimame kati ya programu na seva yake,
nifungue kila bahasha, nisome, nibandike upya,
ipite kama haikuguswa.
Kazi halali, ina mkataba na mhuri.
Ya baba haikuwa na mhuri.

"Triinu," alisema, "simu hii ina mdudu.
Kifurushi kinakwisha kabla ya tarehe kumi."
Nikaenda Võru na kompyuta na soksi mbili za sufu,
maana nyumba ile, Februari, haina huruma.

Njia ya kwanza ni ya adabu.
Unaiambia simu: mlango ni mimi, pitia kwangu.
Zikabisha hodi moja moja:
benki, ratiba ya basi, mchezo wa karata.
Moja haikubisha.
Ilitokea dirishani, wala haikugeuka.

Nikahamia ndani ya ruta.
Hapo simu haiambiwi kitu,
inadhani barabara ni ile ile,
kumbe daraja ni mgongo wangu.
Ikapita, lakini imejifunika gubigubi;
nilichoona ni saa tu:
tisa usiku, tisa na robo, tisa na nusu.

Ipo njia nyingine, ninaitumia kazini:
unavaa joho la seva, unakaa mwisho wa safari,
unaitwa kwa jina la mwingine
nawe unaitika, labeka.
Kwa baba sikuweza.
Nilishika simu yake akiwa anamenya viazi,
nikapachika cheti nilichokisaini mwenyewe
kwenye orodha ya wanaoaminiwa.
Simu haikuuliza mimi ni nani.
Yeye pia hakuuliza.

Usiku ule nikafungua bahasha.
Oulu. Nyuzijoto. Upepo. Oulu.
Ramani ya theluji inayotembea, nzito, picha juu ya picha.
Oulu tena.
Mara arobaini na moja kabla ya mapambazuko,
na ukutani, upande wa pili, kitanda kikilia
kila ombi lilipotoka.

Oulu yuko Ülo, kaka yangu,
ambaye hajapiga simu tangu tumzike mama.

Nimesoma siri za watu miaka tisa
bila uso kunipata joto.
Nikakitoa cheti, nikaifunga kompyuta,
nikakaa jikoni na maganda ya viazi.

"Umempata mdudu?"
"Nimempata. Anapenda baridi."
Baba akatazama birika muda mrefu.
Nikamnunulia kifurushi kikubwa, kisicho na kikomo,
nikamwambia ni ofa.

Njiani, ndani ya basi, nikamwandikia Ülo:
huko ni hasi ishirini na moja, vaa kofia.
Akajibu siku ya tatu.
Nani kakuambia?