Mnara wa Reschen

Januari, barafu imeshika; twaenda kwa miguu
hadi ubavuni mwa mnara nilioujua kwa kadi ya posta.
Watalii wanajipiga picha. Bi Notburga hapigi.
Anahesabu hatua toka ukutani, kumi na nane, kumi na tisa,
kisha anasimama, anakanyaga kwa kisigino mara mbili
kama mtu abishaye hodi.

"Jiko letu," asema. "Mama alilifagia asubuhi ile ile ya kuhama."

Kengele zilishushwa kabla ya maji kufunguliwa,
lakini wapo wanaoapa kuzisikia usiku wa baridi kali.
Namuuliza. Anacheka, anafuta kamasi kwa glavu:
"Mimi nasikia ufagio tu."

Barafu ikalia chini yetu,
mlio mrefu, wa bawaba.
Nusura nivue viatu.