Upande wa Pili

Thuwaini aliileta kutoka Leeds, Julai ya themanini na tatu,
ndani ya soksi, kati ya mashati yasiyolijua jua:
kaseti ya dakika tisini, kainakili kwa rafiki
aliyeinakili kwa rafiki, na juu yake, kwa kalamu ya buluu,
jina la bendi lililofutika nusu, na neno moja: *ya kwanza*.
Ya kwanza, akaniambia, kabla hawajajua kupiga vizuri.
Sikiliza pale wanapokosea.

Ruwi ilikuwa inachemka. Kiyoyozi chetu kilidondosha maji
kwenye kopo la rangi, to, to,
na ngoma za wale vijana zikaingia baina ya matone
kama mtu anayepigilia misumari
nyumba asiyokusudia kuihamia.
Kisha besi. Nilizoea besi la kubeba mizigo ya wenzake;
hili lilitangulia, likaimba lenyewe,
gitaa likilifuata kwa mbali
kama mtoto aliyekaripiwa.
Na mwimbaji, sauti ya chini, kavu:
mtu anayewasomea wengine barua ya deni
akagundua katikati kwamba deni ni lake.

Sikuijua mvua ya namna ile. Mvua yetu ni wadi:
huja mara moja, huchukua gari na mbuzi, ikaondoka.
Yao ilikuwa ikinyesha tangu kabla wimbo haujaanza
na haikuwa na haraka.

Mama alikuwa akipiga pasi dishidasha za Baba
zilizokuwa zikingoja gari la Fahud.
"Huyu kafiwa na nani?"
Nikamwambia hakufiwa, ndivyo wanavyoimba.
"Hakuna aimbaye hivi bure. Punguza, Rayya.
Majirani watadhani tuna msiba,
waje na birika zao za kahawa, tuwaambie nini?"

Nilijaribu kumfasiria. *Mimi ni chumba*, nikasema,
*ambacho taa imetoka.*
"Imetoka imekwenda wapi?"
Sikuwa na jibu. Kiingereza changu kiliishia hapo,
na Kiarabu changu cha shule, walichokicheka wenzangu,
hakikuwa na la kunisaidia.

Desturi yangu: kila usiku kuiacha
mwisho wa upande wa kwanza, kesho niigeuze tu.
Jumanne nikarudi shule nikaikuta
katikati ya upande wa pili,
wimbo wa tatu ukikaribia kwisha,
pale wanapokosea: mpiga ngoma anachelewa,
besi linasimama, linamngoja.
Nikairudisha mahali pake, sikusema kitu.
Jumatano, palepale.
Jumamosi, palepale, na pasi bado ina moto.

Siku niliyotoroka somo la hesabu
nilimwona kwa upenyo wa mlango.
Hakuwa analia. Ningependa kusema alikuwa analia.
Alisimama na pasi hewani, shingo kaiinamisha kidogo,
kama asikilizaye hatua za mtu ngazini,
ngazi za nyumba nyingine, Wete,
ambayo hakupata kutusimulia zaidi ya rangi ya mlango.
Ngoma ilipofika, akashusha pasi.
Mvuke ukapanda.
Akaniona. "Wanajua kungojana hawa," akasema,
akanitazama miguu: "Na viatu vyako viko wapi?"

Thuwaini alipoitaka kaseti yake mwezi wa tisa
Mama alimjibu kabla yangu:
"Imeliwa na mashine, mwanangu. Utepe wote."
Mama, aliyenichapa kwa uongo wa rubo rial.

Niliipata mwaka jana, tulipoihama nyumba ya Ruwi,
ndani ya kopo la biskuti, chini ya pasi za kusafiria zilizokwisha muda.
Wino wa buluu umeondoka kabisa.
Kupitia kidirisha chake naona utepe umesimama wapi.
Sina tena mashine ya kuipigia,
na mafundi wa Wadi Kabir wananicheka.
Siirudishi nyuma.