Kinoo

Baba alisimamisha baiskeli kwenye stendi, soko la Kibuye,
akapiga pedeli asiende popote.
Mshipi wa mpira ulizungusha jiwe la kijivu
pana kama kisosi,
na visu vya wauza mbuta vikatapika cheche.
Shilingi ishirini kisu, hamsini panga,
mkasi wa Mama Awino bure, kwa sababu ya deni.
Cheche zilimtoboa shati kifuani,
vitundu vidogo vidogo; mama alivihesabu Jumapili.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, walimtania.
Hakuna aliyeuliza mwenye kinoo alikula nini.
(Omena. Siku nyingine, harufu ya omena ya jirani.)

Chuoni mwalimu akaandika ubaoni:
alumini mbili, oksijeni tatu. Korundi.
Ikiwa nyekundu huitwa yakuti, huvaliwa.
Ikiwa ya kijivu, husaga.
Nikaandika pembeni mwa daftari: Okumba, baba yangu.

Huko chini alumini hakosi mchumba.
Silika imejaa kila pembe; wakikutana wanaoana,
wanazaa feldspa, wanazaa maika,
watoto wa kawaida, kokoto za barabara ya Kondele.
Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza,
limebebana hadi juu kwa ndoa hizo.
Korundi hutaka arusi ivunjike.

Kitabu kilisema: *panapokosekana silika*.
Nami niliyefundishwa kwamba silika ni tabia ya mtu
niliusoma ukurasa ule kama barua ya nyumbani.

Mabara yaligongana, muda ambao kidole hakiwezi kuuhesabu.
Mwamba haukuyeyuka. Uligeuka ukiwa mgumu vilevile,
kama mtu anayebadilika bila kuinuka kitini.
Mshipa mweupe ukapenya mwamba wa kijani,
na ule wa kijani, uliokuwa na kiu ya silika tangu uumbwe,
ukainyonya yote.
Alumini akabaki mjane na oksijeni yake.
Wakakumbatiana kwa kubanwa.
Chembe ya kromi ikavuja kutoka kwa jirani,
ikatia wekundu.

Iko njia ya pili: tope la moto lenye sodiamu tele
linalopanda na silika haba tangu mwanzo.
Basi nikapanda vilima vya Ruri na nyundo,
nikijua miamba ya huko ilizaliwa na njaa hiyo.
Siku tatu. Sikupata hata punje.
Mwalimu akanicheka: njaa peke yake haitoshi, binti,
lazima kiwepo kitu kilichobaki baada ya njaa.
Sijamsamehe, maana alisema kweli.

Cheposait ndiye aliyenipa yangu.
Mama yake huchekecha dhahabu mto Muruny,
na chini ya karai, pamoja na unga wa dhahabu,
hutulia vijiwe vyekundu vizito vinavyomchelewesha.
Huvitupa. Ng'ambo ya mto watoto huvirusha kwa kombeo.

Nikampelekea baba. Macho yake siku hizi ni ukungu,
lakini alipiga pedeli, akakiweka kijiwe kwenye gurudumu.
Hakuna cheche. Sauti tu, nyembamba, ya kuumiza meno.
Akapapasa: kijiwe kizima,
gurudumu lina mfereji.
"Hiki kimekataa," akasema.
"Ni ndugu, baba. Ni kitu kimoja."
Akanyamaza, kidole kikiwa bado mferejini.

Gurudumu lile sasa ni dogo kuliko kifuniko cha kopo.
Jiwe gumu namna ile nalo liliisha,
punje kwa punje, katika visu vya watu,
katika shati, katika kikohozi chake cha alfajiri.

"Mpe mama yako akihesabu hicho," akasema,
kisha akanyoosha mkono,
akaomba kisu cha jikoni, kile butu,
tulichokuwa hatujakinoa tangu Krismasi.