Kumbukumbu za Kikao, Kasese

Wakili wa kampuni alisema: andika "tukio."
Nikaandika.
Mwenyekiti Kabugho akaninyang'anya kalamu,
akalikata neno kwa mstari mmoja,
juu yake akaandika: sumu.

Walikuja na sukari, mablanketi,
na kijana wa kupiga picha.
"Rudisheni garini. Hapa si matangani.
Fungeni bomba kwanza, pole baadaye."

Meneja akataja ajira mia nne.
Tukainama sote.
Nzanzu, kaka yake Kabugho, ni mmoja wa hao mia nne,
na alikuwa pale mlangoni, kofia ya mgodini kwapani.
Hakumtazama.
"Greda la wilaya limelala mbele ya lango lenu.
Lori halitoki." Akaweka funguo mezani,
akazifunika kwa kiganja.

Saa kumi na moja Nyamwamba ulikuwa bado kijani,
kijani cha sarafu iliyosahaulika.
Saa mbili usiku simu ikalia: bomba limefungwa.
Hakuna aliyepiga makofi.
Nzanzu alikuwa ameshaondoka.

"Karani," akasema, mkono bado juu ya funguo,
"soma tena. Anzia kwenye lile neno."