Bunduki Inayotafuta Risasi

Sihaba, hii hapa. Ipokee kwa mikono miwili,
si kwa adabu tu; ni nzito kuliko inavyoonekana:
kilo moja na nusu, na betri, na miaka yangu tisa.
Ina kitako, ina kifyatulio,
na siku ya kwanza niliyoingia nayo Vingunguti
watoto watatu walinyoosha mikono juu
na mwanamume mmoja akaruka ukuta.
Kosa lake silijui mpaka leo.
Bunduki nyingine hutema risasi.
Hii huitafuta.

Anza na pua. Unakiona hicho kidirisha?
Utando wake ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Usiuguse kwa kidole, usiupulize,
usiuegemeze kwenye kokoto.
Ukitoboka, vumbi likaingia,
tutaandika barua mwezi mzima,
na afisa ugavi atakuuliza
kama bei hiyo ni ya utando au ya kiwanja Chanika.

Haipendi joto la jiji hili.
Januari, saa saba mchana, huzima yenyewe
kama mkwe aliyenuna.
Itafutie kivuli, uisubiri. Usiipige kofi, si redio.
Sandukuni weka vile vipakiti vya chembechembe
vinavyokaa ndani ya viatu vipya;
mimi huviomba kwa wauza viatu Kariakoo, wananijua.
Betri moja ikiwa kazini, ya pili iwe kwenye chaji,
maana umeme haukatiki kwa ratiba yako.

Asubuhi, kabla ya yote, ionyeshe kile kisahani cha chuma
inachokifahamu. Ikisema kweli kuhusu hicho,
ndipo uiulize usichokifahamu wewe.
(Nimewahi kutamani kisahani kama hicho
kwa ajili ya wakubwa wetu.)

Udongo wa masika ni mwongo, maji huficha.
Uanike dirishani juu ya gazeti,
uuchekeche kwa chujio la chai. Chujio liandike jina:
kuna siku Machumu aliwachujia nalo wageni wa wizara.
Kisha sekunde sitini. Usitikisike.
Usiielekeze kwenye kiganja cha mtu
hata mtoto akikuomba, na ataomba: "Nipime na mimi."
Andika jina lake. Mpeleke zahanati, damu ina vipimo vyake.

Sasa nikwambie kisichomo kwenye kitabu chake.
Nyuma ya ukuta wa wale wayeyushaji wa betri za magari
kulikuwa na matuta ya mchicha ya Bi Sikujua.
Ndiyo, ndilo jina lake, alipewa na bibi yake.
Nikabana kifyatulio tuta la kwanza.
Tarakimu zikapanda, zikapanda, kioo kikawa chekundu,
zikatulia elfu mbili mia moja na sita.
"Imesemaje?" akauliza.
Mimi, mwenye stashahada, nikatazama ndoo yake.
Nikasema, "Tutaleta ripoti."
Akang'oa mafungu mawili, akakung'uta mizizi,
akayafunga kwa ugwe wa mgomba.
"Kale na wanao."

Niliyabeba mpaka Buguruni.
Kuitupa zawadi ya mtu njiani ni kazi;
kuipika, sikuweza.
Usiku kucha yalikaa juu ya karo, yakinitazama.

Asubuhi nilirudi bila mashine.
Nikakaa juu ya ndoo ileile, nimeipindua,
nikamwambia namba, kisha maana ya namba.
Hakulia. Aliuliza kama mvua yaweza kuiosha.
Halafu akamwita mjukuu wake
aliyekuwa amechutama matutani,
akampangusa udongo mdomoni kwa pindo la kanga,
akapangusa tena, na tena.

Siku hizi analima kwenye viroba,
udongo wa kununua, kutoka Kisarawe.
Ukuta ungali pale. Tanuru limehamia mtaa wa pili,
ndiko utakakoanzia Jumatatu.

Ukimaliza, ifute pua kwa brashi laini, funga usalama,
toa betri, andika saa na jina lako.
Na kioo kikiwa chekundu, Sihaba,
usitazame ndoo.