Karatasi ya Mwisho

Kazi yangu ni kusoma kwa sauti, Nuwagaba:
kushoto nne, daraja, pengine ng'ombe.
Kilomita tisini za vumbi la Mbarara
sikukuficha kona hata moja.

Mwezi uliopita walitukabidhi vichupa,
choo cha shule, mlango wazi,
daktari akitazama dari.
Ulicheka. Mimi nilikumbuka Lugazi,
siku tatu zako bila lepe la usingizi.

Leo bahasha imefika, gundi bado mbichi,
na mwenyekiti anasema, "Haya ni ya ndani."
Ndani ya wapi?
Ndani ya gari tuko wawili,
na kando ya barabara wamesimama watoto.

Funga mkanda.
Naichana, naisoma
kama kona nyingine yoyote:
kulia, kali, usikate.